Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Mwongozo wa Tangi la Samaki wa Mapambo kwa Mkazi wa Sekenke

Samaki wa mapambo hawafi kwa bahati mbaya. Mtu hununua tangi leo, hujaza maji leo, hutia samaki leo, na kabla ya wiki ya pili kwisha wote wamekufa. Kisha husema samaki hawa ni wa watu wa mjini, hawawezi kuishi Sekenke. Wanaweza. Kinachowaua karibu kila mara ni maji ambayo hayakupewa muda wa kuwa tayari, na dawa yake ni subira ya wiki kama sita mwanzoni, kisha dumu moja la maji kila wiki.

Mwongozo huu ni kwa anayeanza, awe juu ya mlima au chini yake upande wa Shelui, awe na umeme wa gridi au wa sola. Unahusu samaki wadogo wa maji baridi wanaotoka nchi za joto. Ufuate kwa mpangilio wake, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Yajue maji yako

Visima vingi virefu vya mkoa wa Singida hutoa maji magumu, na vingine maji yenye ladha ya chumvi au magadi. Sababu iko ardhini. Upande huu wa nchi maji hayana njia ya kufika baharini: mito ya Wembere na Ndurumo huingia Ziwa Kitangiri, na maji ya Kitangiri yakizidi hupita Mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Huko jua huyakausha, chumvi ikabaki.

Maji ya nyumbani kwako unaweza kuyapima bila gharama. Tia maji kwenye chupa safi, weka kipande cha sabuni ya mche, tikisa. Povu likikataa na maji yakawa na utando mweupe, maji ni magumu. Tazama pia birika au sufuria ya chai: ukoko mweupe ndani yake ni chokaa iliyotoka kwenye maji hayohayo. Kisha onja. Maji yenye ladha ya mbali ya chumvi bado yanafaa kwa samaki nitakaowapendekeza hapa, lakini yakiwa ya chumvi waziwazi, yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua.

Pata pia karatasi za kupimia pH. Huuzwa na wenye maduka ya samaki wa mapambo na ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea katika miji mikubwa. pH ya 7 ni maji yasiyo na uchachu wala ugadi. Ikipanda hadi 8 au zaidi, maji yameegemea upande wa magadi. Andika namba uliyoipata, kwa sababu ndiyo itakayochagua samaki.

Maji ya bomba la jumuiya huenda yametiwa klorini. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, ikiwezekana huku pampu ya hewa ikiyachemsha kwa mapovu, klorini itaondoka. Maji ya lambo, mto au dimbwi yaache kabisa. Sababu utaiona kwenye habari za mimea.

Chagua samaki kwa maji, usichague kwa rangi

Wengi huchagua samaki kwa picha, kisha huhangaika miezi kubadili maji yawafae. Fanya kinyume chake. Neoni wadogo wenye mstari wa buluu ni wazuri, lakini asili yao ni vijito vya Amazon vyenye maji laini na machachu. Wakiletwa Sekenke watadhoofika hata ukiwatunza vipi. Samaki wekundu wa dhahabu nao hupenda maji ya ubaridi, hukua wakawa wakubwa na huchafua sana. Perege na kambare wa Kitangiri ni chakula na ni riziki, lakini si wa tangi la sebuleni. Kambare mmoja anaweza kuzidi urefu wa mita.

Maji magumu yenye pH ya juu yanakupa njia mbili nzuri. Chagua moja.

Ya kwanza ni samaki wanaozaa watoto hai: gapi, plati na moli. Asili yao ni Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, wanapenda maji magumu, na moli huvumilia hata chumvi kidogo. Wanakula karibu kila kitu na hawana ugomvi mkubwa. Kwa kila dume weka majike wawili au zaidi, la sivyo jike mmoja atafukuzwa hadi achoke. Ujue mapema kwamba watazaliana. Jike wa gapi huzaa takribani kila baada ya wiki nne, na huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo hata ukinunua majike peke yao huenda ukapata watoto.

Njia ya pili ni ya kwetu zaidi. Ziwa Tanganyika lina maji magumu ya pH inayokaribia 9, na samaki wake wengi wa jamii ya sikilidi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani huwanunua kwa bei kubwa, kisha hutia madini kwenye maji yao ya bomba ili yafanane na ya ziwa hilo. Wewe huenda unayateka kisimani yakiwa hivyo tayari. Anayefaa kwa kuanzia ni *Neolamprologus multifasciatus* wa upande wa kusini wa ziwa, samaki wa mistari myembamba anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Dume hafiki sentimita 5, na jike ni mdogo zaidi.

Ukiwaweka hawa, utaona kazi. Kila mmoja hushika kombe lake, huchota mchanga kwa mdomo, hugeuka, huutema kando, hurudi tena. Huendelea hivyo mpaka kombe lizame na kubaki mlango tu. Jike hutaga ndani. Baada ya siku kadhaa watoto wadogo kama punje za uwele hujitokeza mlangoni, wakirudi ndani kila kivuli kinapopita, na ukoo mzima huwalinda. Samaki wa urefu wa kidole gumba atakuja kugonga kioo mbele ya uso wako ukisogea karibu.

Wapo pia samaki wa jamii ya *Nothobranchius*, wanaoishi katika madimbwi ya masika kwenye mbuga za Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania ya kati. Dimbwi hukauka, wakubwa hufa, mayai hungoja udongoni mpaka mvua irudi. Unguja ina wa kwake, *Nothobranchius guentheri*, anayefugwa dunia nzima. Wana rangi za kuvutia mno, lakini maisha yao ni mafupi na mayai yao yanataka utaalamu. Wasubiri mpaka uzoefu ukomae.

Tangi na meza yake

Bakuli la duara liache dukani. Maji machache huchafuka upesi na hubadilika joto upesi, na anayeanza anahitaji maji yanayosamehe makosa. Kipimo kizuri ni urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Hizo ni lita 112, na ukiacha nafasi juu na kutoa ujazo wa mchanga na mawe, utabaki na maji kama lita 90.

Usipopata tangi la dukani, fundi wa vioo na aluminiamu wa Singida, Igunga au Nzega anaweza kukutengenezea. Mwambie mambo matatu. Kioo kiwe cha milimita 8. Kingo zisuguliwe zisikate mikono. Na silikoni iwe ile ya kugandishia vioo, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu aina nyingi za bafuni zina dawa hiyo nayo ni sumu kwa samaki. Soma maandishi ya mrija mwenyewe kabla kazi haijaanza. Tangi likikamilika liache wiki nzima, mpaka harufu ya siki iishe. Kisha lijaze nje, mahali tambarare, ulichunguze kwa siku mbili. Tone linalotoka nje ya nyumba ni kazi ndogo. Likitoka sebuleni usiku ni hasara.

Likijaa, tangi hili pamoja na mchanga na mawe litakaribia kilo 150. Kabati la televisheni halibebi uzito huo. Chomelea meza ya chuma au jenga nguzo za tofali na ubao mzito juu, hakikisha pako sawasawa kwa pima maji, na utandike povu jembamba chini ya kioo ili kokoto moja isije ikakipasua. Liweke mbali na dirisha lenye jua, kwa kuwa jua huleta mwani na huchemsha maji mchana. Liweke pia mbali na jiko la mkaa, maana pampu ya hewa huvuta moshi na kuupeleka majini.

Mchanga na mawe: hadhari ya mialo

Dhahabu ya Sekenke imo katika miamba ya kwazi, lile jiwe jeupe gumu lililotapakaa milimani. Kwazi safi ni jiwe bora kwa tangi: haliyeyuki, halibadili maji, na linapendeza chini ya taa. Lakini mahali unapoliokota ndipo penye uhai au kifo cha samaki.

Milima hii imechimbwa tangu enzi za Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Uchimbaji wa zaidi ya miaka mia moja umeacha vifusi vya zamani na vipya, na mahali palipochenjuliwa dhahabu kwa zebaki hapasafishiki kwa kuosha mawe. Usichukue mchanga wa marudio, yaani masalia ya uchenjuaji, hata uwe laini na mzuri kiasi gani. Usichukue chochote mwaloni panapooshewa dhahabu, karibu na karasha za kusagia mawe, au jirani na mitambo ya sayanaidi. Jiwe lenye kutu, au lenye vimeremeta vya manjano vinavyodanganya kama dhahabu, liache pia: ndani lina salfa na chuma, na likikaa majini hutoa tindikali na metali.

Chukua mchanga wa korongo lililo juu, kwenye mkondo usiopita machimbo. Uoshe kwa ndoo, ukikoroga na kumwaga, mpaka maji yatoke meupe. Usitumie sabuni. Uanike juani siku kadhaa ukauke kabisa. Kwa gapi na moli unene wa sentimita 3 unatosha. Kwa samaki wa makombe weka sentimita 5, kwa sababu watauchimba wote. Makombe ya konokono wa nchi kavu yanafaa, yale madogo yenye mlango wa sentimita 2 au 3. Yachemshe, yasafishe ndani, na uweke mengi kuliko idadi ya samaki.

Mimea, na konokono wa kichocho

Mimea hunyonya uchafu na huwapa samaki maficho. Katika maji magumu, *Vallisneria* yenye majani marefu kama utepe hustawi vizuri, na *Ceratophyllum* huelea bila hata kuhitaji mizizi. Nunua kwa mfugaji mwingine wa samaki.

Using'oe mimea ziwani, kwenye lambo au mtaroni. Mimea ya huko hubeba konokono, na baadhi ya konokono wa maji baridi nchini kwetu ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa vimelea majini kwa wiki nyingi, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Ndiyo sababu pia maji ya dimbwi hayaingii humu. Kama hakuna mimea ya kununua, mawe na makombe yanatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Hewa, chujio, taa na joto

Chujio linalofaa Sekenke ni la sponji, linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Ni la bei nafuu, halina kinachoharibika ndani, na linakula umeme kidogo sana. Zipo pampu za hewa zinazotumia waya wa kuchajia simu, na hizo huendeshwa na betri ya sola au pawabenki umeme unapokatika. Nunua mbili za aina hiyo, moja iwe akiba. Samaki huvumilia giza, lakini kukosa hewa usiku kucha kunaweza kuwaua. Pampu ya kawaida iweke juu kuliko usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwenye mrija na kuifikia.

Taa ya LED iwake saa nane kwa siku. Ikizidi, mwani utakuzidi nguvu.

Nyuzi joto 24 hadi 27 za Sentigredi zinawafaa samaki wote niliowapendekeza hapa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka sebule ya Sekenke itakupa joto hilo bure. Tatizo ni usiku wa Juni na Julai, hasa juu ya mlima. Hita ya wati 100 inatosha tangi hili. Asiye na umeme wa kutosha afunike tangi kwa blanketi pande tatu usiku, aache upande mmoja wazi, na juu pawe na nafasi ya hewa. Bandika kipimajoto kwenye kioo ukisome kila asubuhi.

Wiki sita za kusubiri

Hapa ndipo wengi hukosea, basi tuende taratibu.

Samaki wakila na kunya, uchafu wao hugeuka amonia, na amonia huunguza matamvua. Katika maji yaliyokomaa wapo bakteria wanaoibadili kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoibadili nitriti kuwa nitreti. Nitreti haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao hukaa kwenye sponji, mchangani na juu ya mawe. Tangi jipya halinao. Huongezeka polepole, na huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kufikia idadi inayotosha.

Kwa maji ya magadi jambo hili ni zito zaidi. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja isiyo kali, na pH ndiyo inayoamua. Kwa joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Kwa hiyo uchafu uleule ambao samaki wa mahali pengine wangeuvumilia, kwako utaua. Maji ya Sekenke yanakupa nafasi ya kufuga samaki wa Tanganyika, na yanakudai subira kuliko maji mengine.

Fanya hivi. Jaza tangi, washa pampu, acha iende usiku na mchana. Kila siku nyunyiza kibano kidogo cha unga wa dagaa, kana kwamba samaki wamo. Unga utaoza na kutoa amonia, na bakteria watapata chakula. Maji yakiwa na ukungu mweupe siku za mwanzo, yaache, yatajisafisha. Ukiwa na vipimo, utaona amonia ikipanda kisha ikishuka, halafu nitriti ikipanda na kushuka. Siku amonia na nitriti zote zinasoma sifuri huku nitreti imeonekana, tangi liko tayari. Usipokuwa na vipimo, timiza wiki sita kamili, na uanze na samaki wachache.

Iko njia ya kufupisha muda huu. Mfugaji mwenye tangi zima na samaki wenye afya akikupa sponji yake iliyotumika, isafirishe ikiwa mbichi na uiweke ndani siku hiyohiyo. Hiyo ni mbegu ya bakteria. Usiikaushe, na usiioshe kwa maji ya klorini.

Wakati wa kungoja, badilisha nusu ya maji mara moja tu, siku moja kabla samaki hawajafika.

Safari ya samaki na mapokezi yao

Wauzaji wengi wako Dar es Salaam na miji mingine mikubwa, lakini Sekenke iko kwenye barabara kuu, na mabasi ya Mwanza hupita kila siku. Muombe muuzaji asiwalishe samaki siku moja kabla ya safari, ili wasichafue maji njiani. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, uwekwe ndani ya mwingine, kisha ndani ya boksi la povu. Zungumza na konda: boksi likae ndani ya basi, kwenye kivuli, lisikae kwenye buti wala karibu na injini.

Wakifika, zima taa ya tangi. Uache mfuko uliofungwa uelee juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha ufungue, na uongeze nusu kikombe cha maji ya tangi, mara tatu au nne, ndani ya dakika 20 nyingine. Usiendelee zaidi ya hapo kwa samaki waliosafiri mbali: pumzi yao imeteremsha pH ndani ya mfuko, na ukishaufungua pH hupanda, amonia iliyojikusanya ikawa kali. Watoe kwa kijavu, uwaweke tangini, na yale maji ya mfuko yamwage nje. Siku hiyo usiwalishe.

Idadi ya kuanzia ni gapi sita, au samaki wa makombe sita hadi wanane. Ukitaka kuongeza gapi, ngoja wiki tatu au nne, ili bakteria nao waongezeke.

Chakula

Lisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Chakula kinachobaki chini ni amonia ya kesho. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliotolewa mchanga, wakatwangwa na kuchekechwa, ni chakula kizuri sana. Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo safi ya mvua ni karamu, hasa kwa samaki wa Tanganyika. Gapi na moli wanataka majani pia, hivyo chemsha kipande kidogo cha mchicha. Ugali, mkate na chapati havifai. Ukisafiri siku tatu au nne, waache bila chakula, maana ni salama kuliko jirani atakayewamwagia kopo zima kwa huruma.

Dumu moja kwa wiki

Kila wiki toa lita 20 kwa mpira mwembamba, ukinyonya uchafu uliotuama mchangani, na urudishe lita 20 za maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Kwa tangi hili hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano, na inatosha. Maji uliyotoa usiyamwage uani. Yana nitreti, yapeleke kwenye mchicha na matembele.

Kati ya wiki, maji yatapungua kwa kukauka, hasa upepo wa kiangazi unapovuma. Maji yanapokauka chumvi hubaki, na ukijazia ya kisima kila mara chumvi itazidi mwezi hadi mwezi. Kujazia kwa kawaida tumia maji ya mvua uliyoyavuna kwa bati safi, na uhifadhi madumu kadhaa kabla masika hayajaisha. Kifuniko cha kioo kitapunguza ukaukaji, na kitazuia samaki kuruka na mijusi kutumbukia.

Sponji ya chujio ikamue mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Ukiisugua kwa sabuni au bomba la klorini, umewaua bakteria uliowangoja wiki sita.

Samaki wakipumua juu juu kwa haraka, badilisha theluthi ya maji palepale na ukague pampu kabla ya kufikiria dawa. Vidoadoa vyeupe kama chumvi mwilini ni ugonjwa wa vimelea. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29, ongeza hewa, na utafute dawa yake kwa muuzaji.

Sumu zilizomo nyumbani

Dawa za kupuliza mbu na mende nyingi zina pairethroidi, ambayo kiasi chake kidogo tu huua samaki. Siku ya kupuliza, zima pampu, funika tangi lote kwa nailoni, na ufungue madirisha kabla ya kulifunua; usikawie, maana samaki wanahitaji hewa. Vyandarua vyenye dawa vina kemikali ya jamii hiyohiyo. Usikate chandarua kuukuu kutengeneza kijavu au kifuniko cha tangi. Ndoo, beseni na mpira wa tangi viwe vya kazi hiyo peke yake, na mkono unaoingia majini usiwe na sabuni wala mafuta.

Usimwage samaki mtoni wala ziwani

Watoto wa gapi wakizidi, wagawie majirani, shule, au muuzaji. Usiwapeleke Wembere, Ndurumo wala Kitangiri, hata kwa nia njema. Ziwa Victoria limetufundisha: sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950, na alipoongezeka katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Kitangiri ina perege wake, *Oreochromis amphimelas*, anayepatikana Tanzania tu, katika maziwa machache yenye chumvi kama Manyara na Eyasi. Samaki mgeni au ugonjwa kutoka kwenye tangi unaweza kumdhuru yeye na wavuvi wanaomtegemea. Na ukitamani siku moja kuvua samaki wa mapambo ziwani kwa biashara, anza kwa ofisa uvuvi wa wilaya yako, kwa kuwa kazi hiyo inataka leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Sasa hesabu nyuma kutoka siku unayotaka samaki wawe nyumbani. Ukitaka wafike mwanzoni mwa Machi, wiki sita za kusubiri zinaanza katikati ya Januari. Tangi linahitaji wiki ya kukauka silikoni na siku za kukaguliwa, hivyo fundi aanze mwishoni mwa Desemba. Mvua nazo zitakuwa zimeshaanza, basi kinga madumu ya maji ya bati mapema. Kazi ya kwanza kabisa ni ya leo: chupa safi, maji ya kisima chako, na kipande cha sabuni.